Umelalaje?

Kila asubuhi Dar es Salaam nzima huulizana habari za usingizi. Umelalaje? Umeamkaje? Jibu tunalo kabla swali halijaisha: salama. Aliyekesha akipambana na mbu atasema salama, aliyelia mpaka adhana ya alfajiri atasema salama, kisha ataongeza, "sijui wewe." Huo si uongo. Salamu zetu hazikuumbwa kubeba taarifa. Zinamwambia mwenzako kwamba umemwona na umefurahi ameamka. Kinachonishangaza ni chumba cha daktari. Hapo ndipo swali hili lingeulizwa kwa uzito wake, na hapo ndipo mara nyingi halisikiki. Homa ilianza lini, choo kikoje, mkojo unauma, hamu ya kula ipo? Presha inapimwa, karatasi ya maabara inaandikwa. Usingizi, ambao ni karibu theluthi ya maisha ya mtu, unarukwa kama dimbwi la Mtaa wa Msimbazi baada ya mvua.

Ninatibu wagonjwa katika kituo kimoja cha binafsi pembezoni mwa Kariakoo, ghorofani, juu ya fremu za vitenge. Wanaopanda ngazi zetu ni watu wa soko: makuli, mawinga, wasukuma guta, mama lishe, walinzi, wasichana wanaouza kwenye maduka ya watu, na mara chache mwenye duka mwenyewe. Ni nadra mtu kuingia akasema hapati usingizi. Wanataja kichwa, mgongo, mwili kuchoka, moyo kwenda mbio, macho kuwaka kama yametiwa pilipili. Usingizi hutajwa mwishoni, mtu akiwa ameshasimama na mkono uko kwenye kitasa: "Halafu dokta, nisaidie na kidonge cha kulalia."

Sentensi hiyo imenisumbua zaidi ya maradhi mengi niliyosomea. Inauliza jambo ambalo famasia haiwezi kulijibu peke yake: mtu akikosa usingizi kwa sababu maisha yake hayajamwachia usiku, je, huyo ni mgonjwa wangu? Na kama ni wangu, namdai nini, na yeye ananidai nini?

Vitabu vina jibu, na jibu lao lina sharti dogo ambalo ni rahisi kulipita bila kuliona. Mwongozo wa toleo la tano wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, uliotoka 2013, unataka shida iwepo angalau siku tatu kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu, na iwepo ingawa mtu ana nafasi ya kutosha ya kulala. Ingawa ana nafasi ya kutosha. Sharti hili lina mantiki yake. Mwanafunzi anayekesha kwa hiari yake kabla ya mtihani haumwi, na mama mwenye kichanga haumwi. Anayeumwa ni yule aliyepewa kitanda, giza na saa nane nzima, akageuka ubavu huu na ule mpaka majogoo.

Sasa lisome sharti hilo ukiwa Kariakoo.

Mtaa huu ulipewa jina na jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, kwa hiyo tangu jina lake umekuwa mahali pa watu wanaobeba mizigo ya wengine. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati zimeondoka moja baada ya nyingine, magorofa yameota. Februari 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa hapa rasmi. Nilifurahi kama wengine. Mji unaofanya biashara usiku una ajira zaidi na foleni zake zinagawanyika. Ila hata kabla ya uzinduzi, usiku wa Kariakoo ulikuwa na wenyewe: malori yakishushwa, walinzi wakipasha chai kwenye jiko la mkaa, mabelo ya mitumba yakisubiri kufunguliwa alfajiri. Ukimuuliza mtu wa soko kama ana nafasi ya kutosha ya kulala, atafikiri unamtania.

Mmoja aliniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, anapika supu, chapati na chai kwa ajili ya makuli. Alikuja kwa sababu ya kichwa. Presha yake ilikuwa imepanda, si sana. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa na kuvua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Nikamuuliza analala saa ngapi na anaamka saa ngapi.

"Nalala saa nne, mwanangu. Saa nane naamka."

"Saa nane mchana?"

Alicheka. "Wewe hunywi supu asubuhi nini? Unafikiri inachemka yenyewe?"

Anapanga chumba Buguruni pamoja na binti yake na wajukuu wawili. Saa nane usiku anaamka, saa tisa anatoka, saa kumi jiko limewaka. Anafunga biashara saa tisa alasiri, anapita kununua vitu vya kesho, anafika nyumbani magharibi imeshaingia. Kitandani yuko saa nne usiku mpaka saa nane. Saa nne tu, na hata hizo hazimalizi: kwenye saa sita hivi anashtuka, moyo unadunda, anabaki anaangalia bati. Nilianza kumweleza, kwa upole nilioweza, kwamba mwili wake unadai muda ambao haupati, na kwamba hilo ni tofauti na ugonjwa wa kukosa usingizi wenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, mimi naumwa au siumwi?"

Yapo majibu mawili mepesi, na daktari aliyechoka, mwenye wagonjwa thelathini kwenye benchi, huvutwa na yote mawili.

La kwanza ni kidonge. Mjini hapa huhitaji hata daktari kukipata. Watu wanameza Piriton, dawa ya mafua na mzio, kwa sababu wamegundua inaleta usingizi. Kweli inaleta, lakini mwili huizoea upesi, mdomo unakauka, na wazee huamka wamechanganyikiwa. Diazepamu kisheria ni dawa ya cheti. Inamlaza mtu, hilo halina ubishi, lakini haiondoki mwilini na kulipokucha. Mabaki yake huendelea kufanya kazi kwa siku kadhaa, na anayeitumia kwa wiki nyingi huona kwamba bila hiyo halali tena hata ule usingizi wa zamani. Mzee akiinuka nayo usiku kwenda chooni uani, huanguka. Simaanishi kwamba ni haramu. Kwa aliyefiwa juzi, siku tatu nne za kidonge zinaweza kuwa huruma tupu. Nilichokuwa nacho mbele yangu ni mwanamke anayesimama saa kumi alfajiri mbele ya mkaa na mafuta yanayochemka. Kumpa dawa ya kumlegeza mpaka asubuhi ni kumhamishia hatari kutoka kitandani kwenda jikoni.

Jibu la pili ni mahubiri, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi kwa sababu linaonekana la kisomi. Lala muda uleule kila siku. Chumba kiwe na giza, kimya na baridi. Usiingie na simu kitandani. Usinywe kahawa jioni. Kila neno hapo ni la kweli, na limesemwa na watu wanaojua kazi yao. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Richard Bootzin aliweka kanuni ambayo bado ni moja ya nguzo za tiba hii: ukishindwa kulala, toka kitandani, nenda chumba kingine, urudi usingizi ukija, ili akili ikubali tena kwamba kitanda ni mahali pa kulala. Ni kanuni nzuri na inafanya kazi. Sasa mwambie mtu wa Buguruni mwenye chumba kimoja aende chumba kingine. Nje ya mlango wake kuna ukumbi wa wapangaji sita, na mwisho wa ukumbi kuna uwani, choo na mbu. Chumba chenye giza? Taa ya baa ya jirani inaingia dirishani. Baridi? Tutarudi kwenye habari ya feni.

Ubaya wa mahubiri haya ni kile yanachomfanyia msikilizaji. Yanamwondoa na karatasi ya mambo kumi asiyoweza kuyafanya, na sasa kukosa usingizi kumegeuka kuwa uzembe wake. Kidonge kinasema tatizo liko kwenye ubongo wako. Mahubiri yanasema liko kwenye tabia zako. Yote mawili yanamchukulia mlalaji kama mtu aliye peke yake.

Na hapa ndipo nilipoona kwamba swali langu lenyewe limekaa vibaya. Msaada ulitoka Tanzania, ingawa si Dar. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti waliofanya miongoni mwa Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa vifaa mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 200 za usiku zilizopimwa, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Wakati mwingine wowote alikuwepo aliye macho, au aliyelala usingizi mwepesi: kijana aliyechelewa kulala, mzee aliyewahi kuamka. Hakuna aliyepangiwa zamu. Tofauti za umri zilitosha kufanya ulinzi. Wahadzabe si makumbusho ya mababu zetu, ni watu wa leo wenye matatizo ya leo, ila jambo moja katika utafiti huo limenikaa kichwani. Binadamu hulala vizuri akijua kwamba kuna mwenzake aliye macho.

Ukifikiri, tulilijua. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipotanda Pemba na Unguja, watu waliacha vyumba vyao wakalala nje kwa makundi. Unaweza kuicheka imani yenyewe, lakini tiba waliyojipa ilikuwa ya busara: wameogopa, wakasogeleana. Mtoto anayeumwa hulala bibi akiwa amekaa pembeni, na msibani watu hulala mkekani wakati wengine wanakoka moto nje. Usingizi wetu umekuwa wa zamu siku zote.

Basi badala ya kumuuliza yule mama kwa nini halali, nilimuuliza kitu kinachomwamsha saa sita.

"Hakuna kinachoniamsha. Naamka nasikiliza mlango."

"Unasikiliza nini?"

Alikuwa amekopa. Mikopo ile ambayo mji mzima unaiita kausha damu: fomu fupi, riba nene, marejesho ya kila wiki. Wiki mbili alizougua mjukuu marejesho yalikwama, watu wakaja jioni wakachukua redio na feni. Ndiyo, ile feni. Tangu siku hiyo chumba kina joto, na yeye saa sita yuko macho anasikiliza kama kuna anayegonga. Binti yake ana miaka kumi na tisa, analala usingizi wa pono. "Huyo hata nyumba ikiungua haamki," alisema, na hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anayeeleza mgawanyo wa kazi nyumbani. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Kwa huyu mama ulikuwa umegoma hata kuingia.

Wenye fremu nao wanao usiku wao. Soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapahapa Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafa, na kwa siku kadhaa mji ulikuwa unasubiri habari za waliokuwa chini ya kifusi. Nimeona wagonjwa, wanaume wenye miili mikubwa, ambao baada ya hapo walianza kuamka saa tisa usiku na kupiga simu kwa mlinzi: "Vipi hapo, salama?" Mmoja aliniambia haogopi kufa, anaogopa kuamka akute alivyonavyo vimekwisha akiwa amelala. Kumwambia mtu huyu apunguze kahawa ni kutomsikia.

Rafiki yangu mmoja, daktari mzuri kuliko mimi katika mengi, alinipinga tulipokuwa tunakula. "Sisi si ustawi wa jamii," alisema. "Ukianza kutibu kodi ya nyumba na mikopo, foleni yako utaimaliza lini? Na mkopo wenyewe utaulipa wewe?"

Hoja yake ina nguvu na sitaki kuipita haraka. Kuna unyenyekevu ndani yake: daktari ajue mpaka wa kazi yake. Kuna pia watu wanaopenda kuugeuza kila ugonjwa kuwa siasa, wakamwacha mgonjwa na hotuba mkononi pale alipohitaji matibabu. Kama ningemwambia yule mama kwamba mgonjwa hasa ni mfumo wa mikopo, ningekuwa nimesema kweli na sijamsaidia chochote kwa usiku wa leo.

Lakini hoja ya rafiki yangu inadhani kwamba kuuliza juu ya usiku wa mtu ni kutoka nje ya udaktari. Mimi naona ndiko kuingia ndani yake. Unalala saa ngapi mpaka saa ngapi, wapi na nani, na nini kinakuamsha: maswali haya yanachukua chini ya dakika moja. Na majibu yake yamejaa maradhi ya kawaida kabisa. Yupo anayeamshwa na mkojo mara tano, ukimpima sukari iko juu. Yupo anayeamshwa na kikohozi, kumbe ni pumu, au moyo umeanza kuchoka. Yupo anayeamka alfajiri bila hamu ya chochote na kufikiria kufa, na hajawahi kumwambia mtu. Wapo waliotumia efavirenzi miaka mingi kwa ajili ya VVU na kuota ndoto za kutisha usiku baada ya usiku, wakadhani wamerogwa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ndoto hizo ni za dawa. Kuanzia 2019 wengi nchini walihamishiwa kwenye dolutegraviri, ambayo nayo huweza kuvuruga usingizi wa baadhi ya watu, na wakati mwingine dawa yake ni kubadilisha tu saa ya kumeza, kutoka usiku kwenda asubuhi. Hiyo ni tiba isiyogharimu hata shilingi. Inahitaji mtu aulize.

Na yupo anayekoroma. Sisi tunamsifia: analala fofofo, anakoroma kama lori linapanda Kitonga. Mkewe ndiye anayejua kwamba katikati ya mkoromo kunatokea ukimya, pumzi imesimama, halafu anashtuka kwa kishindo. Njia ya hewa hujifunga na kufunguka usiku kucha, presha inapanda, na mchana mtu anasinzia kwenye bodaboda akiwa na abiria nyuma. Mgonjwa wa aina hii hawezi kujitambua mwenyewe, kwa kuwa wakati yanatokea amelala. Ushahidi uko kwa mwenzake wa kitandani. Ndiyo maana nimeanza kuwaomba watu, pale inapowezekana, waje na wanayelala naye chumba kimoja, au wampigie simu tukiwa wote.

Madaktari hatufundishwi sana haya. Uchunguzi wa vyuo vya udaktari katika nchi 12, uliochapishwa 2011, ulikuta wastani wa mafunzo ya usingizi katika kozi nzima ni chini kidogo ya saa mbili na nusu. Theluthi ya maisha, saa mbili na nusu! Na wakati huohuo tiba ipo, wala haihitaji bingwa. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilielekeza kwamba kwa ukosefu sugu wa usingizi, tiba ya kwanza iwe ya mazungumzo na mabadiliko ya tabia kabla ya dawa. Daniel Buysse na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba toleo lake fupi linaweza kutolewa na muuguzi: kuonana mara mbili, simu mara mbili. Mwaka 2023 utafiti wa Uingereza wenye washiriki 642 ulionyesha tena kwamba wauguzi wa vituo vya kawaida wanaweza kuifanya kazi hiyo. Simu mbili! Dar es Salaam hakuna mtu asiye na simu.

Ila inabidi tuishone upya ikae kwenye mwili wetu. Sehemu moja ya tiba hiyo, aliyoielezea Arthur Spielman mwaka 1987, ni kubana muda wa kukaa kitandani ili usingizi uliotawanyika ujikusanye. Kwa mwenye duka mstaafu anayejilaza saa kumi na kulala tano, inafaa sana. Kwa anayepata saa nne, hakuna cha kubana. Kwa dereva wa bodaboda inaweza kuua, maana siku za mwanzo mtu husinzia kuliko kawaida. Muuguzi asiyejua kwanza mgonjwa wake ana usiku wa saa ngapi, na mchana anashika nini mkononi, atakuwa anafuata karatasi tu.

Kwa yule mama kubana hakukuwepo. Tulichofanya kilikuwa kidogo na hakina jina la kitaalamu. Nilimtibu presha. Nilimwambia kwamba anaumwa, ndiyo, na kwamba ugonjwa wake una wenzake wanne chumbani. Akaja na binti. Binti alidhani ameitwa kugombezwa; badala yake nilimuuliza yeye analala saa ngapi, na alikuwa analala saa saba za raha. Nikamweleza mama yake anavyokesha. Alinyamaza muda mrefu akivuta ushungi. Walikubaliana wenyewe, sikuwapangia mimi, kwamba siku tatu kwa wiki binti atawahi kuwasha jiko na mama atafika saa kumi na moja na nusu. Kuhusu mlango, mpangaji wa chumba cha mbele, mzee anayeamka saa nane kila usiku kwa ajili ya sala, aliambiwa habari ya watu wa mkopo. Akasema kama ni kusikiliza mlango, yeye yuko macho hata hivyo. Na mchana mama anajinyoosha dakika arobaini kwenye mkeka nyuma ya fremu ya shoga yake, kitu ambacho awali alikiona aibu, mtu mzima kulala sokoni. Nilimpigia simu mara mbili. Baada ya mwezi, zile siku tatu alikuwa anafika saa tano na nusu za usingizi. Siku nyingine hali ilikuwa ileile. Kichwa kilipungua. Deni halikupungua, feni haikurudi.

Rafiki yangu alipolisikia hili alisema sikutumia elimu yoyote ya udaktari hapo. Nadhani amekosea. Nilitumia elimu kujua kwamba saa tano na nusu ni bora kuliko nne, kwamba mtu akishtuka saa sita moyo ukidunda si lazima moyo wenyewe uwe mbovu, na kwamba hofu ya mlango haifi kwa kidonge. Inasubiri kidonge kiishe. Lakini kuna jambo moja katika hoja yake ambalo sijaweza kulijibu. Nilichofanya ni kugawanya kukesha upya. Saa alizozipata mama, binti amezitoa. Mzee wa chumba cha mbele amepewa zamu. Ndani ya familia hilo linaitwa upendo, na mara nyingi ndivyo lilivyo. Mji mzima ukifanya hivyo, nani anampa nani? Tumefungua soko saa 24, na sikumbuki kusikia mjadala juu ya nani atakuwa macho saa tisa usiku, kwa malipo gani, na atalala wapi kukipambazuka, jua likiwaka juu ya bati na mafundi wa Gerezani wakianza kugonga vyuma. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, mwaka 2007, na likarudia 2019. Manesi wetu wanaijua kazi hiyo. Walinzi wanaijua zaidi.

Mwezi uliopita alikuja mlinzi mmoja wa jengo la maduka, miaka sitini na mbili, sukari na presha vyote viko juu, miaka tisa ya usiku mfululizo. Kwa mchana analala saa tatu, nne akijaliwa. Tulizungumza kila kitu: pazia zito, saa za kula, saa za dawa. Mwishoni nilimwandikia mwajiri wake barua, kwa lugha ya heshima, kwamba kwa sababu za kiafya mzee huyu angefaa kupewa zamu ya mchana. Wiki iliyofuata alirudi na barua ileile, imekunjwa kama nilivyoikunja mimi. Bosi ameisoma, alisema, na hana neno. Ameuliza tu kama huyo daktari anamfahamu mlinzi mwingine wa usiku.